Maelezo ya Kinyozi Kuhusu Ugomvi wa Mstari wa Radi

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: wote wananiita Mama Mkasi, la kwenye kitambulisho ofisa ameliona
Umri: miaka arobaini na sita
Kazi: kinyozi
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya saluni yangu, mtaa wa soko la zamani, pamoja na mama yangu mzazi

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu niliyoyaona kwa macho yangu. Niliyoyasikia kwa watu sitayasema, maana hayo yanatosha kujaza kituo hiki mpaka darini.

Nina saluni ya wanaume yenye viti viwili na kioo kimoja kirefu. Inatazamana na ukumbi wa sinema. Tangu mabango ya filamu ya maisha ya Radi yabandikwe, mtaa wetu hautulii. Kwa faida ya kijana atakayesoma maelezo haya, Radi ndiye aliyewahi kuongoza nchi hii. Jina hilo alipewa na waliompenda, na waliomwogopa wakalitumia hilohilo. Nusu ya wateja wangu wanataka filamu imwonyeshe malaika, nusu wanataka imwonyeshe shetani, na wote wameshakata tiketi. Wanabishana kama mwigizaji ni mfupi kuliko yeye, kama barabara aliyoijenga itaonyeshwa, kama gereza litaonyeshwa. Mimi nanyoa huku nasikiliza.

Kilichozidi ni mstari. Radi alikuwa na mstari ulionyolewa kichwani, upande mmoja, kuanzia juu ya paji la uso. Watu wakaanza kuutaka ili Jumamosi, filamu itakapoonyeshwa, waingie ukumbini wakiwa nao. Nikabandika bango moja pembeni ya kioo ili niwe naliangalia.

Mnamo Jumanne ya wiki hii, saa nne asubuhi, aliingia muuza nyama wa sokoni tunayemwita Bonge. Bonge ni mfuasi wa Radi wa kufa na kupona. Akakaa, akasema, "Dada, nichonge kama yeye. Usinikosee." Nikamwambia, "Tulia. Nusu ya soko nimeshawachonga mimi." Kwenye benchi alikuwepo fundi saa, mzee aliyefungwa miaka mingi wakati wa Radi bila kufikishwa mahakamani. Alikuwa anasoma gazeti akisubiri zamu yake.

Nilipomaliza, fundi saa aliinua macho, akakiangalia kichwa cha Bonge, akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Bonge akauliza, "Mzee, unacheka nini?"

Akajibu, "Bwana mkubwa alikuja gerezani kutukagua. Alisimama mbele yangu karibu hivi. Mstari wake ulikuwa kushoto, mwanangu. Wewe umepigwa kulia."

Niliangalia bango, nikaangalia kioo, nikaona mambo yako sawasawa. Nikamgeuza Bonge anitazame uso kwa uso, ndipo nikaona mstari umehamia upande wa pili. Afande, kinyozi anasimama nyuma ya mteja na kumwona kwenye kioo. Kwenye picha mtu anakutazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Kwenye kioo kushoto kwake kunabaki kushoto kwako. Mimi nilifananisha picha na kioo, nikachonga kwa raha zangu. Na si Bonge peke yake. Karibu wafuasi wote wa Radi mtaani walikuwa wanatembea kifua mbele na mstari wa upande usio wake.

Bonge akasema, "Umefanya makusudi. Kwa sababu ya baba yako."

Baba yangu alikuwa mpiga chapa. Alichukuliwa nyumbani wakati wa Radi, nikiwa mtoto wa miaka minne, na hajarudi. Kila mtu mtaani anajua, ila hakuna aliyewahi kunitamkia hivyo ndani ya saluni yangu. Niliumia. Nikamjibu, "Ningetaka kulipa kisasi, Bonge, wembe ulikuwa shingoni kwako muda wote huu."

Fundi saa akacheka tena. Bonge akamnyang'anya gazeti, mzee akamsukuma kwa mikono miwili. Bonge ni mtu wa mwili. Alirudi nyuma, mgongo ukagonga kioo, kioo kikashuka chote. Kipande kimoja kilimkata fundi saa kiganjani. Bonge alipoona damu alisahau habari za Radi. Alivua shati, akamfunga mzee mkono, akampakia kwenye pikipiki yake na kumpeleka zahanati. Walirudi pamoja, mmoja na bendeji, mwingine amenuna. Nikamnyoa Bonge kipara, maana hapakuwa na dawa nyingine.

Hakuna aliyemshtaki mwenzake. Kioo ni changu na mimi sijalalamika. Jana polisi walikuja wenyewe.

Ofisa ameniambia kwamba filamu ikileta uvunjifu wa amani itazuiwa. Ameniuliza tena na tena kama ugomvi ulikuwa wa kisiasa. Nimemjibu, na naomba aandike nilivyosema: ugomvi ulikuwa wa mstari, na aliyekosea ni mimi.

Nasema pia kwa nini sibadilishi neno. Baba alipochukuliwa, mama yangu alikwenda ofisini kwa Radi kuuliza mume wake yuko wapi. Alisimama getini kutwa nzima, amenibeba mgongoni. Gari likatoka, vioo vimefungwa, likampita. Radi alikufa kitandani kwake bila kumjibu.

Tangu mabango yabandikwe, Mama anakula vizuri. Gauni lake amelipiga pasi mpaka naogopa litatoboka. Nilimwambia, "Mama, yule ni mwigizaji tu, siyo yeye." Akanikata jicho. "Najua. Nimezeeka magoti, sijazeeka akili. Lakini ule uso utakuwa mkubwa kama nyumba, na hapatakuwa na geti. Nitamtajia jina la baba yako, ukumbi mzima usikie."

Bonge akitaka kumpigia Radi makofi, apige mpaka viganja viwake moto. Fundi saa akitaka kumzomea, amzomee. Hao wawili nitawanyoa Jumatatu kama kawaida. Lakini atakayekitumia kioo changu kumziba mama yangu mdomo, ajue mimi sikumpa ruhusa hiyo, leo wala kesho, hata mkinilaza humu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, na neno "siasa" lililokuwa limeingizwa nimelikata mwenyewe kwa kalamu.

(Sahihi) Mama Mkasi

MAELEZO YA OFISA: Nimeyaandika haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi baada ya kukata neno moja. Kwa agizo la mkuu wa kituo, nilimtaka shahidi afike tena Jumamosi saa kumi na mbili jioni, pamoja na mama yake, kwa mahojiano zaidi. Shahidi amekataa. Amesema saa hiyo watakuwa ukumbini, safu ya mbele, na mkuu wa kituo akiwahitaji akate tiketi kama watu wengine.