Bahasha Zilizokatwa Sikio

Papa,

Nimekaa kwa kitanda chako, na sanduku lako la bati liko wazi hapa miguuni. Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike nyuma ya boma, na Mama amenituma nitoe shuka zako awagawie ndugu zako. Shuka nimezitoa. Chini yake nimekuta barua zangu zote tisa, umezifunga kwa kamba ya ngozi. Tangu asubuhi sasa nimezishika. Ningekuita, lakini huitiki tena, kwa hivyo nimechukua kalamu. Na wewe unajua vile mimi na kalamu tumekufanyia.

Unakumbuka siku barua ya chuo kikuu ilipokuja? Ulikuwa unamkagua ndama mwenye kuhara, nikakusomea nikiwa nje ya ua. Mimi nilikuwa nimeomba sheria, wao wakanipa Kijerumani. Ukauliza, "Hiyo ni kazi gani?" Nikasema ni lugha, na vitabu vya hao watu, na vile wanaishi. Ukasema, ndama bado umemshika: "Babu yangu aliwaona hao, upande ule wa Rombo, ukivuka mpaka. Hawakuwa na mchezo." Halafu ukasema, "Basi soma. Lakini usome mpaka wakujue."

Nilisoma, Papa. Kitu sijawahi kukuambia ni kwamba nilikipenda. Nilipenda yale maneno yao marefu yaliyounganishwa hata pumzi inakuishia njiani. Nilipenda hadithi zao za watu wanaotembea msituni peke yao na huzuni zao, mimi mtu wa Kitengela ambaye miti mingi aliyowahi kuona pamoja ni migunga. Mwaka wa pili nilikuwa naota nikiongea hicho Kijerumani, na kwa ndoto wewe ulikuwa unanijibu kwa Kimaa chetu na tunaelewana.

Mwaka wa tatu ndio niliharibu. Walitangaza nafasi za kwenda kusoma Ujerumani mwaka mmoja. Watu wanane tuliitwa kuhojiwa, na wanne ndio wangeenda. Mimi nilikuja nyumbani wikendi ile nikakuambia, "Papa, nimeitwa." Ningesema tumeitwa wanane. Ningesema bado. Lakini uliniangalia kwa uso sikuwa nimewahi kuona, na nikaachia hapo. Jioni ile ulikuwa umeshaambia wazee wote kutoka kwetu mpaka Isinya.

Jumamosi iliyofuata ukachinja fahali. Wazee wanne wakanisimamisha katikati ya boma, wakaninyunyizia maziwa kwa majani, mmoja mmoja akanitemea mate ya baraka kwa viganja na kwa kichwa, na sisi wote tukimwita Mungu, "Naai, Naai." Mzee Ole Sayianka akaniambia niende nifike, nile chakula chao, nirudi nikiwa mzima. Wewe ulikuwa mwisho. Niliinamisha kichwa kama mtoto, ukaweka mkono wako juu, ukauacha hapo muda mrefu kuliko wengine.

Siku ya tano baadaye majina yalibandikwa kwa ubao wa idara. Nilisoma ile karatasi mara tatu. Jina langu halikuwapo.

Sasa ningerudi na nini? Mtu ameshanyunyiziwa maziwa ya safari, fahali ameshaliwa, halafu anashuka Kitengela wiki iliyofuata na begi lake. Nilijua vile wangekuangalia wewe. Si mimi, wewe. Nikajiambia nitakaa kimya mwezi mmoja nipate akili. Mwezi ukawa mwaka. Ndiyo, Papa, ule mwaka wa mvua kubwa ya El Niño, mlipokuwa mnaniombea kanisani kwa sababu ya baridi ya Ulaya, mimi nilikuwa Nairobi. Nilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwa mlango wako.

Sikuwahi kujua kwamba mji mzima unaweza kuwa kama boma lisilo na mlango. Sikuenda sokoni Jumamosi kwa sababu ya akina mama wa Isinya wanaouza mayai. Sikuenda kanisa lolote ambalo mtu wetu angekuja. Nilitoka hosteli nikaingia darasani, nikatoka darasani nikaingia maktaba, na likizo nilikodi chumba Buruburu, kilichokuwa na dirisha moja linaloangalia ukuta. Kila nikiona shuka nyekundu barabarani nageuka. Mimi, nikikimbia shuka.

Na barua nikawa naandika. Nilikuambia ujibu kupitia sanduku la posta la idara, eti wao watanitumia pamoja na barua zao. Mambo ya kuandika niliyatoa kwa kitabu cha mwaka wa kwanza, kile chenye picha: treni inayofika dakika ile ile iliyoandikwa, theluji kwa paa, soko lao la Krismasi. Nilijua Abdi ndiye atakusomea pale dukani kwake, na kwamba benchi lote la wazee litasikiliza. Kwa hivyo nilipamba. Mungu anisamehe, nilipamba vizuri.

Barua ya kwanza nilipoitupa kwa sanduku la posta pale mjini, mkono ukiwa bado kwa ule mdomo wa sanduku, ndipo nilikumbuka stampu. Nilikuwa nimebandika stampu ya Kenya, ile ya ndege. Barua ilikuwa imeshaanguka ndani. Wiki tatu sikula vizuri. Halafu jibu lako likaja, kwa mwandiko wa Abdi, na hakukuwa na neno lolote juu ya stampu. Uliuliza tu, "Ng'ombe wa huko wanakula nini?" Nikapumua. Nikasema moyoni, wazee hawa hawaangalii vitu kama hivyo. Nikaendelea na stampu zile zile.

Nilitafuta habari za ng'ombe maktaba siku mbili. Nikakujibu kwamba wakati wa baridi wanafungiwa ndani miezi mingi, wanaletewa nyasi kavu, hawatoki. Hiyo angalau ilikuwa kweli.

Halafu ikawa ile Jumatano. Nilikuwa ghorofa ya juu ya maktaba, na kwa dirisha nikakuona. Ulikuwa kwa geti la chuo, na shuka yako ya bluu ya safari na rungu, unaongea na askari. Ulimpa kitu. Halafu ulisimama ukiangalia yale majengo, moja baada ya lingine, polepole, vile unaangalia mifugo ya mtu mwingine. Nilirudi nyuma ya rafu za vitabu. Nilichuchumaa, Papa. Msichana wa miaka ishirini na mbili, nimechuchumaa chini nimeshika kamusi, babangu yuko getini. Nilipoinuka ulikuwa umeenda. Nikajiambia umekuja mjini kununua dawa ya kupe.

Jioni barua yako ilikuwa kwa kisanduku changu idarani. Haikuwa na stampu. Ilisema hivi, nimeifungua tena sasa hivi, niko nayo kila mahali nimehamia:

"Hao ng'ombe wa kufungiwa wananisumbua. Mnyama asiyeona anga, hata maziwa yake hayana ladha. Wewe ukichoka kufungiwa huko, rudi nyumbani. Mlango wangu hauna kufuli na sitauliza kitu."

Nilidhani unaongea juu ya ng'ombe.

Mwaka ulipoisha nikaja. Nilikuwa nimenunua koti zito la mitumba Gikomba, nikalivaa kwa jua la Kitengela. Mlinipokea na nyimbo. Mzee Ole Sayianka akauliza kama nilikula chakula chao, nikasema ndiyo. Wewe uliniwekea mkono kwa kichwa, ukaniambia, "Umekonda." Hukuuliza kitu. Ulikuwa umesema hutauliza.

Nilifikiri hapo imeisha, kumbe ndiyo ilikuwa imeanza. Kila harusi naombwa nisalimie wageni kwa Kijerumani. Kila mtoto wa ukoo akipata pasipoti analetwa kwangu nimwambie vile ndege inapaa. Nimefundisha Kijerumani Nairobi miaka saba, nimewafunza manesi na wapishi na wasichana walioposwa huko, wote wanapanda ndege wananitumia picha za theluji, na mimi sijavuka hata Namanga. Siku ya mazishi yako pasta alisema, "Marehemu alikuwa na imani, alimtuma bintiye mpaka Ujerumani." Watu wakatingisha vichwa. Nilishika mkono wa Mama na nikajua kwamba umeenda ukiwa umedanganywa, na kwamba sitaweza tena kutoka kwa hicho kitu, kwa sababu mtu wa kuombwa msamaha ameingia chini ya udongo.

Hivyo ndivyo nilijua mpaka leo asubuhi, nilipofungua hii kamba.

Bahasha ya kwanza ni nzima, na stampu ya ndege iko. Zile nane zingine zimekatwa kona ya juu, upande wa kulia, mahali stampu inakaa. Zimekatwa kwa kisu kikali, mkato mmoja umelala, zote sawasawa. Huo mkono naujua. Nimeuona maisha yangu yote ukikata masikio ya ndama ili kila mtu ajue ni wa nani.

Nimezichukua nikaenda nazo kwa Abdi. Ndevu zake zimekuwa nyeupe sasa, na bado anauza stampu pamoja na sukari. Aliziangalia, akaangalia mlangoni kama kuna mtu.

"Ile ya kwanza nikimaliza kusoma, watu wakienda, babako aliniuliza, 'Hii ya ndege, wewe unauza?' Nikamwambia ndio mzee, ni ya hapa hapa Kenya. Alimaliza soda yake akaenda. Kutoka ya pili, akizitoa posta zinanifikia zimekatwa. Nikimuuliza anasema ni panya."

"Na wewe ukaamini?"

"Panya gani anakula kona moja kila mwezi, na anakula vizuri hivyo?" Akanirudishia. "Benchi lilikuwa linapitisha bahasha mkono kwa mkono, Nashipae. Kila mtu alitaka kushika Ujerumani. Yeye hakutaka waone. Mimi niliambiwa nisome, nikasoma."

Papa, unakumbuka soko la Kajiado, nikiwa mdogo wa kubebwa begani? Kulikuwa na yule mwanamume na dume jekundu, na ukashika sikio la yule mnyama, ukaniita niguse. Kidonda kilikuwa juu ya kovu. Uliniambia, "Huyu amekatwa mara ya pili, ili asiseme kwao ni wapi. Mtu anayefanya hivi ni mwizi, na usile kwake." Miaka yote ile hukula kwa yule mtu. Hata maji yake ulikataa.

Na kwa ajili yangu ukakaa chini na kisu chako, mara nane, ukafanya kazi hiyo.

Nimelia mpaka Mama akaita kutoka nje kuuliza kama nimeona nyoka. Nimekasirika pia, wacha niseme. Ungeingia tu siku ile. Ungemwambia askari, "Niitie binti yangu." Mimi nimechuchumaa juu na wewe umesimama chini, wote tunajua, na tukaogopana miaka kumi. Tumekula nyama pamoja, tumetembeza ng'ombe wakati wa kiangazi mpaka Oltepesi, na hakuna aliyefungua mdomo. Wewe ulikuwa umeahidi kutouliza. Mimi nilikuwa nasubiri kuulizwa.

Sasa namsikia Mama akifunga mbuzi wake, na Mzee Ole Sayianka ameingia na ile fimbo yake, amekuja chai. Yeye ndiye amebaki kati ya wale wanne. Nitatoka nikae kati yao, niweke bahasha zote tisa kwa meza, na hawataniuliza, kwa hivyo nitaanza mimi. Lakini kwanza nilitaka uambiwe wewe, kwa mdomo wangu, hata kama ulijua.

Mlango nimeusukuma, Papa. Kweli hauna kufuli.

Lala salama. Nimeinamisha kichwa.

Ni mimi binti yako, niliyekuwa Nairobi.