Ukurasa wa Arobaini na Moja

Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Niwie radhi kwa kimya cha wiki saba. Mtu aliyefundisha kwa miaka thelathini na minne kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki moja hana udhuru, nami sitautafuta. Natumaini u mzima, mgongo umepoa, na wakubwa wenu huko kwenye ujenzi wamewapa glavu mlizoomba. Sisi hatujambo. Mkeo hajambo, hurudi kutoka kiwanda cha mikate saa nane mchana akiwa na unga hadi kwenye kope. Mwanao Chiriku hajambo pia, na anasema bila kituo, kama jina lake.

Mkeo alikudokezea kwenye simu kwamba shuleni kumetokea jambo. Nilimwomba aniachie mimi niliandike, kwa kuwa neno zito halisemwi huku watu wakiulizana, "Unanisikia?"

Tangu uondoke hatujabadilisha kitu. Chumba ni kile kile kilichokuwa duka la magodoro. Hadi Machi tulikuwa familia sita, watoto kumi na mmoja, mlezi mmoja aliyesomea njia ya Montessori, ile ya mtoto kujifunza kwa kazi ya mikono yake, na sisi wazazi na mabibi tukipokezana kiti cha mtazamaji. Sheria ya kiti hicho mliipitisha nyinyi waanzilishi, na mimi niliipinga: anayekaa pale ana daftari na kalamu, hasemi, hainuki, hamkatizi mtoto aliye kazini. Anaandika anachokiona, basi.

Tarehe 26 Machi, saa nne na robo asubuhi, Karani alitoka nje peke yake. Namsema yule binti wa muuguzi, wa miaka minne, tunayemwita hivyo kwa sababu hawezi kuona mkeka umekunjwa upande akanyamaza. Mlezi alikuwa chumba cha nyuma na mtoto aliyetokwa na damu puani. Bomba letu lilikuwa limekauka. Karani alichukua jagi la bati la kumwagilia maua, akavuka barabara kwenda kwenye bomba la fundi wa kuchomelea. Lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma. Fundi alimnyakua kwa ukosi wa gauni. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Jagi nimeliona: limekuwa bapa kama sahani.

Muuguzi alipofika hakulia. Alimkalisha mtoto sakafuni, akamvua viatu, akahesabu vidole vya miguu yote miwili, akamvisha tena. Sijapata kuona kitu kama hicho.

Kesho yake familia zilikutana. Ilionekana kwamba mlango uliachwa wazi na aliyeingia wa mwisho, yaani yule mzazi mwenzetu, fundi mpaka rangi, ambaye alimleta binti yake amechelewa. Alisema, "Jamani, niliufunga." Kisha akasema, "Nadhani niliufunga." Familia tano zilipiga kura, na familia yake ikatolewa.

Chiriku hutandika mikeka miwili kila asubuhi, wake na wa binti wa mpaka rangi. Ukimuuliza anasema, "Amechelewa tu."

Ujitunze.

Mama yako


Tarehe 23 Mei

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kusikia kwamba nyote hamjambo. Mgongo umepoa kidogo. Glavu zimekuja, zote za mkono wa kushoto, tumeambiwa tuvumilie.

Barua yako nimeisoma mara tatu, Mama, na kila mara mwili umenisisimka. Wenzangu wameniuliza, "Fundi, kuna msiba?" Nikajibu, "Karibu uwe."

Sasa naomba uniwie radhi, maana nitauliza. Mlango ule niliupachika mimi. Nilitia bawaba zenye springi juu na chini, na komeo linalojibana lenyewe. Nilifanya hivyo kwa sababu ya barabara ile ile. Mlango ule ukiuachia tu, unajifunga. Hauwezi kuachwa wazi hata na mtu anayetaka kuuacha wazi, labda auwekee jiwe. Wewe mwenyewe ulinilalamikia: "Mlango huu hauna adabu, unamsukuma mtu kisigino kabla hajamaliza kuingia." Umesahau?

Kama springi imekatika, niambie. Kama haijakatika, basi mpaka rangi hakuacha chochote wazi. Mlango ulifunguliwa na mtoto.

Na hapo ndipo ninapojishuku mwenyewe. Nilinunua makomeo mawili yanayofanana, moja la mlango na moja la ule ubao wa kufanyia mazoezi ya vidole. Nilijisifu kwamba nimeishika njia sawasawa: mtoto asipewe kitu cha kuigiza, apewe kitu halisi. Nilidhani springi ni ngumu mno kwa vidole vya miaka minne. Sikufikiri kwamba vidole vikizoea ubao, vitaujua na mlango.

Kuna jambo jingine. Umenieleza alikokuwa mlezi, fundi wa kuchomelea, lori na muuguzi. Hukunieleza nani alikuwa kwenye kiti cha mtazamaji.

Nisalimie Chiriku. Mwambie baba anasema mikeka iwe minyoofu.

Mwanao


Tarehe 25 Juni

Mama, shikamoo.

Natumaini huumwi. Mwezi mzima sijapata jibu, na kabla ya mwaka huu hujawahi kunicheleweshea jibu hata nilipokuwa bwenini na barua zangu zilikuwa za kuomba sukari tu.

Nimemuuliza mke wangu kwenye simu nani alikuwa kitini siku ile. Akasema, "Muulize mama yako." Nikamuuliza kama springi ni nzima. Akasema, "Asubuhi hii imenipiga kisigino."

Mama?

Mwanao


Tarehe 3 Julai

Mwanangu,

Siumwi. Natumaini nawe u mzima. Nimeanza barua hii mara nne.

Nilikuwa mimi.

Unajua nilivyoipinga sheria ya kiti. Nilisema darasa lisilosikika sauti ya mwalimu ni soko. Mlezi wenu akanijibu, "Mwalimu, wewe jaribu wiki moja tu kutazama bila kusahihisha." Nilijaribu kwa ukaidi, nia yangu ikiwa kumwonyesha kwamba amekosea. Lakini nikaona watoto wakijisahihisha wenyewe, na nikaona haya kwa miaka thelathini na minne ya kuwakatiza watu. Tangu hapo niliishika ile sheria kama ninavyoshika sheria zote, yaani bila kuipa nafasi ya kupumua.

Nimeambatisha ukurasa. Usome mwenyewe. Nimeandika hivi: "Saa nne na dakika kumi na mbili. Karani amechukua jagi. Amejaribu bomba, halitoi maji. Amekwenda mlangoni. Amelishika komeo kwa vidole vitatu, kama kwenye ubao. Limefunguka kwa jaribio la kwanza. Ametoka. Ameuongoza mlango kwa mkono hadi ukafunga bila kishindo. Umakini wa hali ya juu."

Nilifurahi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniondolea hamu ya chakula. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemtazama mtoto yule akishindwa na komeo la ubaoni, akirudi, akishindwa. Siku ile vidole vyake viliweza. Niliona komeo, sikuona barabara. Nilikuwa bado nimeinama, natafuta neno la kueleza jinsi alivyokiweka kidole gumba, niliposikia breki za lori.

Ukurasa niliuchana kabla watu hawajafika. Sikupanga, mkono ulichana. Na daftari lile nililitia nambari mimi mwenyewe, moja hadi mia, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote, ili asitokee mtu wa kuchana. Karatasi moja ina kurasa mbili, kwa hiyo sasa baada ya arobaini inafuata arobaini na tatu. Hakuna aliyehesabu. Nani atahesabu daftari la Mwalimu?

Kwenye mkutano nilisema nilikuwa nimeinama, naandika habari za mtoto mwingine. Mmoja akasema, "Labda aliyeingia wa mwisho hakufunga." Si mimi niliyeyatoa maneno hayo. Lakini wote waligeuka kunitazama, nami nikasema, "Mlango ulikuwa wazi." Maneno matatu. Hawakuuliza la nne, kwa sababu yalitoka kwangu.

Mpaka rangi aliniangalia kama mtu anayetaka kunishukuru kwa kumkumbusha.

Sikuombi unitetee. Sijui nakuomba nini.

Mama yako


Tarehe 11 Julai

Mama, shikamoo.

Nilianza kuisoma barua yako nikiwa juu ya jukwaa, nikaona nishuke. Niliimaliza nimeketi juu ya mfuko wa saruji, na msimamizi alipopiga kelele sikumjibu. Mimi nakujua kuliko ninavyoijua nyumba yetu, na leo nimekuta chumba nisichokijua.

Umenifuta machozi mara nyingi, nami sikuoni sasa nikufute yako. Lakini ukurasa huu nakurudishia ndani ya bahasha hii. Si wa kukaa kwenye sanduku langu la misumari. Una mahali pake, kati ya arobaini na arobaini na tatu, na kuna mtu anayeusubiri bila kujua kwamba upo.

Sehemu yangu usiibebe wewe. Nimemwandikia mlezi aling'oe komeo lile ubaoni, na nimemwambia kwa nini. Nimemweleza kosa langu tu. La kwako sikuligusa.

Mama, nikiwa darasa la tatu, nilipomsingizia mwenzangu kwamba ndiye aliyevunja kioo, ulinipeleka kwao kwa miguu, hukunishika mkono njia nzima. Ulisimama kando, ukasema, "Zungumza." Laiti ningekuwa huko nisimame kando.

Mwanao


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba msimamizi amekusamehe. Mimi ni mzima. Nakuandikia nikiwa nje ya shule, kwenye ngazi ya mlangoni, daftari nimeliweka gotini. Ni saa tano asubuhi, Jumamosi. Fundi wa kuchomelea ng'ambo amenisalimu mara mbili, na sasa ameona bora asinisalimu tena.

Niliitisha mkutano mimi. Niliomba mpaka rangi aitwe, na alikuja na mkewe na binti yao, akiwa na nguo zake za kazi zenye madoa ya kijani. Viti vikubwa havikutosha, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Endeleeni, mimi nimezoea ngazi." Hakuna aliyecheka.

Nilisimama nikausoma ukurasa wote, kuanzia saa hadi neno la mwisho. Nikalifungua daftari niwaonyeshe ulipochanwa. Nikasema, "Mlango haukuwa wazi. Nilisema uongo."

Muuguzi aliniuliza, "Mwalimu, ulimwona anatoka?"

"Nilimwona."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

"Umakini wa hali ya juu," akasema. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, nikampa ukurasa, akaukunja mara mbili na kuutia kwenye mfuko wa sare yake.

Nilimgeukia mpaka rangi nimwombe radhi. Akanitangulia. "Mwalimu," akasema, "kila asubuhi nikifika kona ya kwetu narudi kuukagua mlango wangu. Nimefunga, naona nimefunga, nafika kona, narudi tena. Mke wangu ananicheka, ananiita askari. Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba ni mimi."

Mkewe hakuwa anacheka. Aliinamisha uso akaufunika kwa mikono.

Nilimwomba radhi. Alisema, "Nimesikia." Hakusema zaidi, wala sistahili zaidi kwa leo.

Familia yake imerudishwa. Hilo halikuchukua dakika moja. Yamebaki mawili: kama shule iendelee au ifungwe, na kama mimi nina mahali humo. Muuguzi alisema, "Tupishe kidogo, Mama." Ameniita Mama; siku zote aliniita Mwalimu. Sijui kama amenipandisha au amenishusha.

Wakati natoka, Chiriku alikuwa pembeni, ametandika mikeka miwili kama kawaida yake, na wa pili ulikuwa na mtu. Akaniambia, "Si nilikwambia, Bibi? Amechelewa tu." Kisha mlango wako ukanipiga kisigino, ukajifunga nyuma yangu.

Nasikia sauti ndani, lakini sisikii maneno, na sitalisogeza sikio. Sitaondoka kwenye ngazi hii mpaka wanifungulie. Wakishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, na nitaandika nani amesema nini.

Mama yako