Mvua Isije Kwanza

Jumamosi, 6 Oktoba 2012

Leo wamefungua uwanja. Ule wa katikati ya mji, karibu na stendi, ambao siku zote tunaukatiza tu na vumbi lake. Sasa kila Jumamosi na Jumapili jioni ni meza, viti vya plastiki, taa za kamba, spika kubwa. Watu wanakula, wanakunywa, ngoma zinachezwa. Ni mpaka mvua zianze. Zikianza pale panakuwa tope, basi, kila mtu arudi kwake.

Mimi nipo jiko la Mama Hope. Nachoma mishkaki na ndizi. Jiko nalipenda, moshi unanificha. Mtu akiniuliza kitu nakohoa.

Meza inayofuata ni ya juisi. Ukwaju, pasheni, parachichi. Yupo Mama Clara na mtoto wa kaka yake, anaitwa Valeria. Wametoka Singida mwaka huu. Mama Hope akaniambia nenda ukawasalimie, ni majirani hao. Nikaenda. Nikamwambia Mama Clara shikamoo, akaitika. Nikageuka kwa Valeria na mdomo ukaenda wenyewe — shikamoo! Msichana wa rika langu. Pengine mimi ndio mkubwa!

Hakucheka. Akaitika vizuri kabisa.

“Marahaba mwanangu. Mama hajambo?”

Na mimi nikajibu hajambo! Mama Clara ilibidi aweke jagi chini ndio acheke.

Ndizi zote za jiko la kwanza zimeungua.

Jumapili, 7 Oktoba

Ananiita mwanangu mbele ya wateja. Mwanangu umekula? Mwanangu sogea huko, moshi utakuumiza macho. Praygod wa bodaboda kasikia, kapeleka habari stendi nzima. Wananiuliza naachishwa ziwa lini.

Sijakasirika. Nashangaa mwenyewe.

Jumamosi, 13 Oktoba

Joto. Hata jioni upepo ni wa moto. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wamekula wamesimama.

Nimemwangalia Valeria. Sio kwa ubaya, nipo pale pale tu. Akiosha glasi anaiinua kwenye taa, anaichungulia, ndio anamimina. Kuna mtoto alimwaga juisi yake, midomo ikaanza kutetemeka. Yeye akamjazia nyingine kabla kilio hakijatoka. Mama Clara akamwangalia kwa jicho. Yeye akajifanya anafukuza nzi.

Nimempelekea ndizi iliyoiva vizuri, ile yenye sukari pembeni. Nimeiweka mezani nikaondoka. Nyuma nikasikia, asante mwanangu, Mungu akukuze.

Jumanne, 16 Oktoba

Nipo nyumbani Nangara. Shamba tumeshalima, lipo tu linasubiri. Ardhi imepasuka, unaingiza kidole. Mama kila jioni anasimama uani anaangalia upande wa mlima. Alafu tunasali. Anaomba mvua, mimi naitikia amina.

Leo nimeitikia kwa mdomo tu. Moyoni nilisema isije kwanza.

Mtoto gani mimi. Mahindi ndio tunayokula.

Jumapili, 21 Oktoba

Praygod kanifuata jikoni kanambia, mwanangu — na yeye ananiita hivyo sasa — huyo dada unamtaka, usinidanganye. Nikakohoa. Akasema basi nikusemee, mimi mdomo ninao. Nikamwambia akithubutu simjui tena. Praygod akisema kitu hakiwi siri, kinakuwa tangazo. Na Valeria atacheka. Akicheka kwa hilo, nitakuja vipi tena na ndizi?

Akaniuliza sasa utasema lini. Nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi, 27 Oktoba

Sijasema.

Jumapili, 28 Oktoba

Nilikuwa nimeinama napepea mkaa. Mama Clara alikuwa anaongea na Mama Hope hapo juu yangu, hawakuniona. Anasema uwanja ukifungwa wanarudi Singida. Kapata chumba kizuri cha mgahawa, karibu na soko la kule. Mama Hope akamuuliza na binti je? Akasema Valeria si ndio mikono yangu, nitamwachaje.

Niliendelea kupepea. Mkaa ulikuwa umeshawaka siku nyingi. Mama Hope kaniona, kaniuliza Paskasi unachoma nyama au unachoma mji?

Jumamosi, 3 Novemba

Leo nimeongea. Nimeongea mpaka koo limekauka! Niandike yote.

Walikuja kina mama wa kijijini kucheza ngoma. Wazee, rika la bibi yangu. Wamevaa ngozi zile za zamani zenye shanga. Vijana walianza kucheka cheka, eti zimeni hizo wekeni muziki. Alafu wale bibi wakaanza kuimba. Hawakushika hata maiki. Uwanja ukatulia. Mpaka wa upande wa bia wakageuza viti.

Valeria akaja kwenye jiko langu, akasimama upande wa moshi. Akaniuliza wanasema nini. Ni Kigorowa, lugha ya kwetu, yeye hakijui. Nikamwambia wanaiita mvua, wanaiita kama mgeni. Wanaiambia ngozi ya kukalia tumeshakutandikia, mbona kila siku unapita kwa majirani. Maji ya kunawa hatuna, njoo nayo mwenyewe. Akacheka hapo, lakini taratibu. Akasema endelea. Nikaendelea. Nikamwambia huyu mwembamba anayeanzisha anatoka upande wa bibi yangu. Nikamwambia bibi alikuwa anaimba hivi hivi akisaga, na mimi mgongoni. Nikamwambia mpaka jina la ng'ombe wetu. Sijui ng'ombe aliingiaje.

Alafu akauliza, “Na wewe unaiomba hivyo hivyo?”

Nikasema mama ndio anaomba.

“Nimekuuliza wewe.”

Moshi ulikuwa unamwingia, hakusogea. Nikasema, “Mimi naomba isije kwanza.”

“Mtoto wa mkulima?”

“Ikija watafunga hapa.”

Akaangalia wale bibi mpaka wakamaliza. Watu wakapiga makofi, yeye hakupiga. Mama Clara akamwita, glasi zimeisha. Akaenda.

Sasa sijui nimesema au sijasema.

Jumapili, 4 Novemba

Leo hajaniita mwanangu. Kaniita Paskasi. “Paskasi, kuna pilipili?” Basi, hivyo tu.

Imenitisha kuliko mwanangu zote.

Jumamosi, 10 Novemba

Mawingu upande wa mlima. Meusi. Uwanjani watu wanayanyooshea vidole na mishkaki, wamefurahi. Wanaagiza na juisi zaidi. Mimi nachoma, nayaangalia, nachoma.

Valeria naye alikuwa anayaangalia. Macho yetu yakakutana kule juu kabla ya kukutana hapa chini. Nikaangusha koleo.

Jumatano, 14 Novemba

Mama anaimba tangu asubuhi. Katoa mbegu juani, anachambua. Ananiambia unasikia harufu hiyo? Nasikia mama. Akasema mbona uso kama wa mtu aliyefiwa. Nikamwambia ni moshi, umenizoea.

Mama akanisogezea kiporo cha maharage, kile anachokipenda yeye.

Jumamosi, 17 Novemba

Imekuja.

Nyama ilikuwa katikati ya kuiva. Tone la kwanza limeanguka kwenye mkaa, likalia tss. Tukaangalia juu wote. Alafu ikashuka yote kwa pamoja. Watu wamekimbia wanacheka, viti kichwani. Wazee wengine hawakukimbia, walisimama katikati ya uwanja wameinua mikono. Mtu mzima kabisa, na koti lake la ofisini, analia na kucheka. Nikawaza mama sasa hivi yuko uani kasimama hivyo hivyo. Na mimi nikafurahi. Kweli nimefurahi. Vyote viwili vilikuwa kifuani, havikugombana.

Tumeshika turubai mimi na Valeria, yeye kona ile, mimi kona hii, Mama Hope na Mama Clara wanaingiza vyombo chini yake. Maji yanaingia kwenye mikono ya shati. Nikasema Valeria. Akasema naam. Mvua ilikuwa inapiga sana juu ya turubai. Nikasema, mtaondoka lini? Akasema shangazi kakata tiketi ya Jumatatu asubuhi.

Hapo ndio pa kusema. Hapo hapo! Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu mwezi uliopita.

Nikamwambia, “Chukueni mishkaki mkale nyumbani, isiharibike.”

Mungu wangu.

Nikaweka kwenye sahani yangu ya chakula, ile ya bati yenye maua, nikaifunika na nyingine. Bajaji yao ilikuwa inapiga honi, Mama Clara kashaingia, anaita. Valeria akaishika sahani, akaniuliza ni ya Mama Hope? Nikasema hapana, ni ya mama yangu, ya nyumbani. Akaiangalia kama inaongea.

“Nyumbani ni Nangara upande gani?”

Nikamwelekeza. Vibaya sana, nimechanganya kushoto na kulia. Akapanda, wakaondoka. Nimebaki na turubai.

Mama kauliza sahani yake iko wapi. Nimemwambia imebaki uwanjani.

Jumapili, 18 Novemba

Imenyesha usiku kucha, asubuhi imekata. Uwanjani hakuna kitu leo, ni ziwa dogo. Mama ametoka misa, yupo barazani na mbegu zake. Mimi nipo chumbani. Najifanya nimelala, naandika.

Pikipiki imesimama njiani. Naijua hiyo, ni ya Praygod. Kapiga honi kama ya harusi, mshenzi yule, kaondoka.

Mtu anabisha hodi.

Ni yeye. Ni sauti yake! Anamwamkia mama. Mama anaitika, anamkaribisha kiti, anamuuliza u mtoto wa nani. Anajieleza. Anasema nimeleta sahani mama, nilipewa jana na Paskasi.

Nasikia bati linalia, mama anafunua. Anasema he, haijarudi tupu, umelelewa wewe. Anauliza ni nini hizi, ni za kutafuna? Valeria anasema ni alizeti ya kwetu Singida, ni ya mbegu, ukipanda sasa mvua hii inaikuta vizuri.

Naandika haraka haraka. Mwandiko huu sitausoma mwenyewe.

Mama anamuuliza safari ni lini, maana jana uwanja umefungwa. Anasema shangazi anaondoka kesho asubuhi.

“Na wewe?”

Nasikia mbegu tu, anamsaidia mama kuchambua.

“Sijui bado mama. Nimekuja kwanza.”

Mama ananiita. Anasema huyu kalala, moto wa jikoni unamchosha. Valeria anasema basi mwache apumzike mama, mimi nitakwenda, mawingu yamerudi. Kiti kimelia. Sijui anainuka au anajiweka sawa.

Inaanza tena juu ya bati. Kubwa. Njoo. Njoo tu, njoo nyingi, funga njia yote mpaka stendi!

Mama ananiita mara ya pili, sasa kwa jina langu la ubatizo lote. Nimeitika. Wamenisikia wote wawili. Natoka — shati, shati liko wapi