Wimbo wa Mahali Ulioitwa Mahari

Bugarama,
S.L.P. 41,
Ngara.
14 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Esperansia,

Pokea salamu za huku nyumbani. Afya yako ikoje, na ule mgongo? Shemeji Bulugu na watoto wazima? Sisi tupo, ila tumechoka. Vumbi la malori ya kambi ya wakimbizi linaingia mpaka kwenye chungu, na kuni sasa nazifuata ng'ambo ya mto.

Kanda ya mwanangu Juvenali imefika. Nyimbo zote katunga mwenyewe, na picha yake iko juu, pua ya baba yetu kabisa. Huo muziki wa roki siujui, lakini gitaa linanguruma utadhani malori yanapanda mlima. Kwaya iliyomfukuza kwa sababu ya kelele za gitaa lake sasa inakuja kuazima kanda kwangu. Nawaambia wasubiri zamu.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Ameniandikia kwamba kabla kanda haijaenda madukani atauondoa ule wimbo wa kwetu. Anaimba "nirudishie mahali nilipokulia", lakini ulimi wetu unaujua, imetoka "mahari". Pale studio wamemcheka: "Kijana, mke kakukimbia?" Ameona haya, mwanangu.

Hapa hakuna aliyecheka, isipokuwa jirani Pancras, ambaye mkewe kweli kamkimbia. Anadai kaimbiwa yeye. Nyirabahizi, mama wa kambini anayenisaidia kulima, alipousikia aliweka jembe chini. "Mama Juvenali, rudisha nyuma hapo." Nikarudisha, tena na tena, mpaka betri zikaishiwa nguvu. Hakuuliza mahari gani.

Nakuomba uende kwake Jumapili hii. Huko mama yake ni wewe. Mwambie asiuondoe, wala asiurudie kwa ulimi wa Dar. Sijamwambia kwamba kile kilima anachokiimba, alikokuwa akichunga mbuzi, hakina mti hata mmoja. Miti yote imeishia mekoni, mwa wakimbizi na mwangu pia. Akirudi hatakitambua. Mimi mwenyewe nikitaka kukiona kama kilivyokuwa, naweka kanda.

Msalimie shemeji, na jirani yako Zulfa aliyeniletea kitenge. Mungu awafunike kwa mkono wake, na mtoto wetu ampe koo lisilokauka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikuwazaye,
Jovina