Upande wa Nyuma wa Shuka

Jumatano, baada ya alasiri. Wingu limekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi, halishuki wala haliondoki. Nami nimekaa hivyo hivyo.

Daftari langu, wewe unanijua. Nimekuandikia jinsi nilivyobeba kinanda cha Mdachi mmoja peke yangu kutoka pwani mpaka huku, kikilia njia nzima, na jinsi mwalimu wa shule ya serikali alivyotokwa na machozi nilipoacha masomo mwezi wa nane tu tangu niyaanze. Hukunibishia hata siku moja. Ya leo ni ya kweli, na sijazoea.

Jana Mhindi mwenye duka la nguo alituonyesha picha zinazotembea. Aliziba madirisha ya ghala lake kwa magunia, akatundika shuka la merikani katikati, akalilowesha maji, kisha akawasha taa ndani ya kisanduku na kuzungusha mpini. Wanaume tulikaa mbele, upande wa kisanduku. Wanawake walikaa nyuma ya shuka, maana hapa kwetu hawawezi kubanana gizani na wanaume wasio wao. Picha ilipenya nguo ile mbichi, nao wakaona.

Picha yenyewe ni ya reli inayojengwa kwenda Tabora. Watu wanapanga vyuma, wanapiga nyundo, Mdachi mwenye kofia ananyoosha kidole. Basi. Lakini sijaona kitu kilichogawa watu namna ile. Vijana walipiga makofi wakataka irudiwe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alivaa makubazi yake akasema hivyo ni vivuli vya watu, hana haja navyo. Wanaume wawili waliowahi kufanya kazi ile ile ya reli walitoka bila neno, mmoja akatema mate mlangoni. Hakuna aliyesema ilikuwa hivi hivi tu.

Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kwamba nimo ndani ya picha, nimesimama katikati, nina mkuki. Ilipokwisha, mtani wangu Mnyamwezi, mpagazi wa zamani, akaniuliza mbele ya watu, "Ewe Mluguru, wewe ulikuwa yupi pale, chuma au nyundo?" Wakacheka. Nikacheka nao, mtani hakasirikiwi.

Ila moyo wangu haukuwamo kwenye kicheko.

Kijana mmoja ndani ya picha alikuwa ameacha kupiga nyundo, akageuka, akatuchekea kwa meno yote. Sura, mabega, hata shingo ile ndefu, vyote vya mpwa wangu Kibwana.

Kibwana alikufa kwa homa huko huko relini mwaka juzi. Lilirudi blanketi lake tu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kwenda. Niseme yote: mimi ndiye niliyemtamanisha. Simba wangu, kinanda changu, mito niliyovuka na maji shingoni. Alikaa kwangu akisikiliza miaka na miaka, kisha akaenda kutafuta vya kwake vya kusimulia.

Tangu blanketi lile lirudi, mdogo wangu Mwanahawa, mama yake Kibwana, hakuniita kaka tena. Nikienda kwake Bigwa ananiwekea chakula, halafu anaingia ndani.

Sasa, kijana wa kwenye picha alikuwa anapiga nyundo kwa mkono wa kulia. Kibwana alikuwa na shoto. Nilimchapa sana utotoni kwa kula chakula kwa mkono huo, na hakubadilika. Kwa hiyo si yeye. Nikalimeza hilo nikatoka.

Mwanahawa alikuwa ananingoja nje, pembe ya kanga yake imelowa.

"Kaka," akasema, "nimemwona."

Aliniita kaka. Mimi.

"Anapiga nyundo kwa shoto yake ile ile. Tena anacheka. Siku zote nilidhani huko alikaa akilia tu, kaka. Wewe hukumwona?"

Nilijua machozi yamemchezea macho. Nikamjibu, "Nilimwona."

Leo asubuhi nilirudi kwa Mhindi nikamwomba anizungushie picha nikiwa nyuma ya shuka. Kijana akageuka, akacheka, akainua nyundo. Kwa mkono wa kushoto.

Mhindi akanieleza taratibu, kama mtu anayempimia mteja kitambaa, kwamba upande ule kila kitu hugeuka, hata herufi za gari la moshi husomeka kinyume. "Ulio sawa ni wa mbele, mzee wangu," akasema.

Kumbe dada yangu hakudanganywa na macho. Alikalishwa upande ule.

Simba nimewaua kwa mdomo tangu ujana wangu bila kutoka jasho. Neno hili moja, nilimwona, limenilowesha mgongo mpaka sasa. Nikimwambia ukweli, nitamzika mtoto wake mara ya pili, na mimi kaka yake pamoja naye. Nisipomwambia, je, nimemheshimu au nimemfanyia kama nilivyomfanyia mwanawe?

Sijui. Elimu yangu haikufika huko.

Mchana ameniletea ndizi mwenyewe, akakaa. Ijumaa picha itarudiwa, na anataka nikae naye ili anionyeshe vizuri, maana anasema wanaume mbele huko mnapiga kelele hamuoni. Kina mama wenzake wamekubali mzee kama mimi niingie, sharti nisiseme hata neno moja. Mtani wangu atanicheka mpaka masika.

Nitakwenda. Nitakaa nyuma ya shuka, karibu na dada yangu, na kijana yule akigeuka kucheka, nitatazama mkono wake wa kushoto nikiwa nimefunga mdomo.