Ndege wa Maganga Yupo

Mtani wangu Maganga,

Mimi Ndahani nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Ngumbaru nilisoma miezi minne tu, na wenzangu waliosoma miaka miwili bado wanaandika kama kuku anayeparua. Wewe hukusoma kabisa, kwa hiyo huko uliko tafuta mtu akusomee.

Tangu ufe Itigi imezidi kubadilika. Sasa ni soko huria, kila mtu anauza. Duka la ushirika limefungwa, yule kinyozi anauza mitumba mlangoni pake. Malori ya mkaa yanafika mpaka nyuma ya nyumba yako. Kile kichaka kilichokuwa kinatuchania mashati kimekwisha, mtu anasimama kwako anaona reli. Kimebaki kipande chenye mizinga yako ya nyuki tu.

Nataka tuongee juu ya hicho kipande.

Unakumbuka ule mlio, unaoanza chini halafu unapanda unatetemeka? Wewe ulisema ni ndege. Ukamwita Mwali, kwa sababu anasikika ndani na hatoki. Ukasema kifua chake kina michirizi kama mtoto aliyemwagikiwa uji. Mimi nikasema ni panya. Miaka yote nikasema panya, maana hakuna ndege wa pori hili nisiyemjua mimi. Ukaniambia, "Ukitaka kumwona, kaa. Lakini wewe Mgogo huwezi kukaa, mdomo utakufa njaa."

Siku ya kukuzika nilifanya kazi ya mtani. Nilijilaza kaburini nikakataa usiingie. Nikasema, "Huyu Mnyamwezi hajafa, yuko kichakani na ndege wake wa uongo!" Watu wakacheka, hata mkeo akacheka na machozi yake. Utani hauna kesi. Lakini mimi najijua. Pale sikutania. Nilikuwa nakushinda, na wewe huwezi kujibu.

Wanao wakayashika maneno yale. Mwenye lori alipokuja, Kulwa akasema, "Baba alikizuia kichaka kwa ajili ya ndege ambaye hata mtani wake anajua hayupo." Wakakubaliana kikatwe baada ya arobaini.

Halafu mbuzi wangu akaingia humo. Nikamfuata kwa tumbo, unajua hakuingiliki kwa miguu. Katikati pumzi ikanikatika. Usimwambie mtu huko. Nikakaa kimya, kwa sababu sikuwa na jinsi.

Akatoka chini ya majani makavu. Mdogo, rangi ya udongo, anatembea kama panya, hapo sikukosea sana. Akasimama karibu na goti langu akaimba, mwili wote unatetemeka. Na uji kifuani, Maganga. Uji ule ule. Nikageuka nikuite.

Nikageuka kweli, mtani.

Siku ya arobaini nikasimama mbele ya watu. Nikasema, "Maganga alisema kweli, mwongo ni mimi." Wakacheka kuliko siku ya mazishi! Doto akasema, "Mzee Ndahani, leo umetuweza!" Nikaapa, wakashika mbavu. Nimekutukana miaka arobaini wakaniamini, nimekusifu mara moja nikaonekana mchekeshaji.

Mkeo peke yake hakucheka. Asubuhi akaja, akanisalimu, akasema, "Shemeji, nipeleke."

Tulitambaa wazee wawili, yeye na magoti yake yale mabovu. Tukakaa. Mdomo ulinikereketa, lakini sikusema neno. Jua likapanda. Nikaanza kuogopa kwamba Mwali hatakuja, na kwamba mara hii nitakuwa nimekuua mimi. Ndipo akaimba. Mama Kulwa alimwona kwanza. Akanishika mkono akasema polepole, "Ni uji kweli." Akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya kaburi.

Mwenye lori alipokuja, mkeo alisimama na mwiko mlangoni. Kulwa hakubisha, nani anabishana na mama yake? Lori limeondoka tupu.

Kwaheri, Maganga. Nakuahidi hiki: maadamu magoti yangu yanatambaa, shoka halitaingia pale, na wanao nitawapeleka mmoja mmoja wakakae. Ulikuwa mkweli. Nayaandika haya mara hii moja. Tukikutana nitakana, na wewe utasema nimekana, na hakuna atakayetuamini wote wawili.

Mtani wako,
Ndahani