Mjomba Anataka Niseme Ndiye Aliyenituma Kumwaga Maji

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo natakiwa kusimama mbele ya watu na kushika kipaza sauti, na mimi ni msichana ambaye hata darasani mwalimu akiniita naitika kwa kichwa, na nikizidiwa Kiingereza cha shule kinanitoka nyumbani na Kiswahili cha nyumbani kinanitoka shuleni, halafu kote wananicheka.

Naishi kwa mjomba na mkewe, kwenye uchochoro unaoteremka kutoka bombani mpaka barabara ya lami, na tangu nipate akili, mvua ikinyesha maji yanaingia kwetu bila kubisha hodi. Mwaka huu halmashauri ilitangaza ruzuku ndogo kwa mitaa inayotaka kujirekebishia jambo moja, wao watoe saruji, mawe na fundi, sisi wakazi tutoe mikono, na mjomba, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi chetu, akaomba mtaro. Tukaambiwa maofisa watakuja kujionea tatizo kwa macho yao kabla ya kuamua.

Sasa, mshauri, mjomba wangu hawezi kupokea mgeni kwenye uchafu. Alipita mlango kwa mlango akihimiza watu, uchochoro ukafagiwa, mashimo yakafukiwa, ukamwagwa mchanga mweupe kutoka juu mpaka chini, hata alama za tope kwenye kuta zikapakwa chokaa. Maofisa walipofika, mama mmoja na mwenzake, walitembea kama wako sebuleni kwa mtu. Walipomaliza kupanda, pale bombani nilipokuwa nafua, yule mama akamwambia mwenzake kwa Kiingereza, bila ubaya wowote, kwamba hapa hakuna shida, ruzuku iende mtaa mwingine. Mjomba akatabasamu na kuinamisha kichwa, akidhani anasifiwa kwa usafi. Kati ya wenyeji waliokuwa pale, ni mimi peke yangu niliyeelewa.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Hazikuja lugha zote mbili. Basi nikanyanyua ndoo ya maji ya kufulia nikaimwaga njiani.

Maji yakauchukua mchanga wa mjomba, yakapita juu ya viatu vya yule mama, yakateremka na povu lake, na hapo mtaa mzima ukafanya kile unachofanya siku zote bila kuambiwa: fundi viatu akakipakata kisanduku chake, muuza mkaa akapandisha gunia juu ya benchi, na mshonaji, jirani yetu, akaondoa miguu kwenye pedali ya cherehani, akatupia kitambaa begani na kuendelea kupiga soga na mteja kana kwamba hakuna kilichotokea. Yule mama, na viatu vyake vilivyolowa, akauliza kama kweli ni ndoo moja tu iliyofanya yote hayo. Mshonaji akamjibu bila kushusha miguu, "Hiyo ni ndoo, mama. Mvua haiji na ndoo."

Tukapata mtaro! Tulichimba kila Jumamosi, mjomba wa kwanza kushika sururu na mgongo wake ule mbovu, na juzi mvua kubwa iliponyesha hakuna aliyejifungia ndani, watu walisimama nje na miavuli, wengine na masinia kichwani, wakiyatazama maji yanavyokimbia mtaroni kama wanatazama mpira, na yalipotokea kule chini barabarani bila kugusa mlango hata mmoja, vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakakimbia, na mshonaji akamaliza gauni zima miguu ikiwa chini. Watoto sasa wananiita Bi Ndoo, na mimi, usimwambie mtu, nalipenda hilo jina.

Shida ni hii. Jumamosi halmashauri inakuja kuufungua mtaro rasmi, na mitaa inayotaka ruzuku ijayo itakuja kujifunza tulishindaje, na wakazi wamesema msimuliaji ni mimi. Mjomba alikubali mbele yao. Tulipofika nyumbani, akijifanya anatafuta miwani iliyo usoni kwake, akaniambia, "Ukisimama, sema mimi ndiye niliyekutuma umwage." Tayari anasimulia hivyo kila mahali, kwamba ulikuwa mpango wake, na kwamba yule mama aliusifu mchanga kwa Kiingereza. Alichosema yule mama sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Nikisema kweli, namvua nguo mbele ya mitaa yote mtu aliyenilea. Nikisema alinituma, nadanganya. Nimeshaanza kujifunga kitambaa shingoni na kukohoa. Je, niumwe koo tu?

Ni mimi, Bi Ndoo

JIBU

Marahaba, Bi Ndoo. Vua hicho kitambaa, koo lako ni zima. Mtu aliyemlowesha viatu ofisa wa halmashauri mchana kweupe asiniambie hawezi kusimama mbele ya watu. Haya unazo, nakuamini na nakuhurumia. Mimi mwenyewe naandika kwa sababu kuongea kunanishinda.

Ila nitakugombeza. Umemwacha mjomba wako azunguke mtaani na sifa ambazo hakupewa, na wewe ulijua tangu siku ile. Huko si kumstahi. Ni kumwacha atembee na shati lililochanika mgongoni. Yule mama akija Jumamosi na kukumbuka mwenyewe alichosema, utamfunika mjomba kwa kitu gani?

Kwa hiyo mwambie leo. Si Ijumaa, leo, mkiwa wawili tu. Mweleze maneno yalivyokuwa, kisha mkumbushe ni nani aliyewatoa watu majumbani na kushika sururu kabla ya wote. Mchimba mtaro hahitaji kuazima ndoo ya mpwa wake. Atanuna. Mwache anune, chakula cha jioni kitamrudisha mezani.

Kusema alikutuma, hapana. Hao wageni wanakuja kujifunza, na sasa hivi katika mtaa fulani kuna mwenyekiti mstaarabu kama mjomba wako anaagiza mchanga mweupe. Mkiificha habari ya mchanga, mtawakosesha mtaro wao. Mwombe aisimulie yeye, kwa mdomo wake, kabla yako. Akijicheka mwenyewe kwanza, hakuna atakayebaki na la kumcheka pembeni. Kisha akukabidhi kipaza sauti.

Hotuba usikariri. Sema ulivyoniandikia, kwa lugha yoyote itakayowahi kufika. Na nenda na ndoo yako imejaa, uiweke karibu na miguu. Lugha zikigoma zote mbili, imwage mtaroni, wageni wayasikie maji yanavyoshuka mpaka barabarani. Safari hii hakuna atakayenyanyua miguu.